Watoto wakipelekwa benki, wanajifunza nini hasa?

Kila inapofika tarehe 31 Oktoba, Siku ya Akiba Duniani, picha za aina moja husambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi: watoto waliovaa sare wamepanga mstari mbele ya tawi la benki, kila mmoja na kofia yenye rangi za benki hiyo, meneja katikati anatabasamu. Hapohapo mjadala huanza. Mzazi mmoja anafurahi kwamba mwanawe ameanza kuelewa pesa mapema. Mwingine anauliza kwa nini aliombwa ruhusa ya ziara ya masomo, halafu mtoto akarudi na fomu ya kufungua akaunti. Wa tatu anaona kwamba kumweleza mtoto wa darasa la tatu habari za pesa ni kumtia tamaa kabla ya wakati.

Wote wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia jambo lake. Kutembelea taasisi ya fedha ni jambo moja, kufungua akaunti ni la pili, na kuelewa pesa inavyofanya kazi ni la tatu. Hilo la tatu ndilo elimu ya fedha: kupata, kutumia, kutunza, kukopa na kulinda pesa huku ukijua unachokifanya. Mtoto anaweza kuwa na akaunti tangu wiki aliyozaliwa akafika kidato cha nne hajui riba inatoka wapi. Anaweza pia kuzungushwa tawi zima, akapigwa picha, akanywa soda, kisha akarudi nyumbani bado anaamini kwamba kuna mashine ukutani inayogawa pesa bure.

Mimi naziunga mkono ziara hizi, na ningependa kila shule ya msingi izifanye, ya serikali na ya binafsi. Lakini ziara ina maana pale mtoto anapoifuata shilingi mkono kwa mkono na kuuliza maswali matatu kila inapotua. Pesa hii sasa ni ya nani? Iko wapi? Nani anapata nini kwa kuishika? Mtoto wa miaka tisa anayaweza maswali hayo. Na watu wazima wengi wanaolia leo kwa sababu ya mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye nyongeza kubwa, hawakuwahi kufundishwa kuyauliza.

Anzeni kwa wakala

Shule ikipanga ziara ya namna hii, wazo la kwanza huwa benki. Ningeanzia kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu, kwa kuwa huko ndiko mtoto wa Kitanzania anakokutana na huduma za fedha siku zote. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 nchini, wapatao 72 walitumia huduma za fedha za simu, na waliotumia benki walikuwa 22. Watoto wengi wametumwa kwa wakala mara nyingi kuliko walivyouona mlango wa benki. Wameshika kikaratasi chenye namba, wamekabidhi noti, wamesubiri ujumbe uingie. Ila hakuna aliyewaeleza kilichotokea pale dirishani.

Wakala ana pesa za aina mbili. Ipo taslimu kwenye droo, na ipo floti, yaani pesa iliyo kwenye laini yake ya uwakala. Mteja akija kuweka 20,000, anatoa noti, na wakala anamhamishia 20,000 kutoka kwenye floti. Droo imeongezeka 20,000, floti imepungua 20,000. Mteja akija kutoa, mambo yanageuka. Ndiyo maana siku nyingine unaambiwa floti imeisha, huwezi kuweka lakini ukitaka kutoa unahudumiwa. Na siku nyingine wakala hana taslimu, anapokea ila hawezi kutoa. Pesa yake haijapungua wala kuongezeka, imehama upande tu.

Hili linafundishika kwa nusu saa. Mwalimu anazungumza na wakala jirani na shule, wanachagua saa ambayo wateja ni wachache, na walimu wawili wanafanya miamala midogo mbele ya watoto: mmoja anaweka, mwingine anatoa. Watoto wanachora mistari miwili kwenye daftari, droo huku, floti kule, na kila muamala wanaandika kilichoongezeka na kilichopungua. Nasisitiza miamala iwe ya walimu wenyewe. Namba na kiasi cha mteja ni siri yake, na watoto wajue hivyo tangu siku hiyo.

Sasa maswali matatu. Pesa ni ya nani? Ya mteja. Iko wapi? Hapa watoto wengi, na wazee pia, hujibu kwamba iko ndani ya simu, kwa hiyo simu ikiibiwa au ikitumbukia majini pesa imekwenda. Haikwenda. Kilichomo kwenye simu ni njia ya kuifikia. Fedha yenyewe imewekwa benki kwenye akaunti maalumu ya dhamana, na kampuni ya simu hairuhusiwi kuichukua ikaendeshea shughuli zake. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, na mwaka 2015 ikaja Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa kuimarisha usimamizi wa huduma hizi. Kwa kuwa fedha iliyolala benki huzaa, Tigo Pesa ilianza mwaka 2014 kuwagawia watumiaji wake sehemu ya kilichozaliwa. Wengi walipokea ujumbe ule wakadhani ni zawadi ya promosheni, kumbe ilikuwa pesa yao imezaa.

Nani anapata nini? Wakala anapata kamisheni, kampuni inapata makato, na serikali inapata kodi. Mwaka 2021, Julai, serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, nchi nzima ilizungumzia jambo hilo hadi kwenye daladala, na watoto walisikia. Mwalimu anaweza kutumia kumbukumbu hiyo kueleza tofauti ambayo watu wengi huichanganya: makato ni malipo ya huduma kwa kampuni, tozo na kodi ni za serikali.

Kuna jambo jingine la kufundisha palepale dirishani, nalo linatugusa wazazi. Tunamtuma mtoto kwa wakala na simu, tunamwandikia na namba ya siri kwenye kiganja. Ziara hii ndiyo mahali pa kumwambia mtoto, wakala akiwa anasikia na kuitikia, kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata wakala mwenyewe, hata anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Anayeweka pesa haombwi namba hiyo kabisa. Na ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" usomwe kwa sauti. Watoto waulizwe: aliyeandika ni nani, pesa gani, na kwa nini hakupiga simu? Wakiujadili hapo, siku ukiingia kwenye simu ya bibi kijijini huenda wao ndio watakaomzuia.

Benki ni ghala

Watoto wakiingia benki, swali lao la kwanza ni hili: pesa zote ziko humu? Meneja akijibu haraka kwamba ndiyo, zote zimo na ziko salama, amekosea, na amepoteza nafasi nzuri kuliko zote za siku hiyo.

Tuchukue kijiji chenye ghala moja la mahindi. Kila mkulima analeta magunia yake, mtunza ghala anaandika kwenye daftari: fulani magunia 10, fulani manne. Mahindi yote yanamwagwa pamoja. Siku ukija kuchukua gunia lako hupewi punje zilezile ulizoleta, unapewa gunia la mahindi, basi. Na kwa kuwa wakulima hawaji wote siku moja, mtunza ghala anajua kwamba sehemu kubwa ya mahindi itakuwa imelala tu. Anamkopesha baadhi jirani aliyeishiwa, kwa sharti kwamba baada ya mavuno arudishe na nyongeza. Nyongeza hiyo inamlipa mlinzi, inafidia wale walioshindwa kurudisha, sehemu yake inawarudia wenye mahindi, na inayobaki ni faida ya mwenye ghala.

Benki hufanya hivyohivyo. Ulichoweka kinaitwa amana. Ukurasa wako kwenye daftari ni akaunti, na kiasi kinachosomeka humo ni salio. Nyongeza ni riba. Taslimu iliyomo ndani ya tawi ni kidogo sana ukilinganisha na amana za wateja, kwa sababu nyingi imekwishatoka: iko kwa mwenye duka aliyekopa kuongeza mzigo, kwa mkulima wa korosho, kwa serikali iliyokopa kwa kuuza hati fungani. Mtoto akiambiwa ukweli huu haogopi. Anachouliza ni: je, wote wakija siku moja?

Swali zuri sana hilo, na jibu lake ni Benki Kuu. Mtunza ghala anaweza kukopesha kupita kiasi, kwa hiyo lazima awepo wa kumkagua. Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1966, mwaka uleule shilingi ya Tanzania ilipochukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki, inazitaka benki ziweke kwake sehemu ya amana za wateja ambayo hazitaikopesha. Mwaka 2020 ilishusha kiwango hicho kutoka asilimia 7 hadi 6, kwa maana kwamba katika kila shilingi 100 za amana, sita zinawekwa Benki Kuu.

Na benki ikifungwa kabisa? Limewahi kutokea. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa wakati mmoja kwa kukosa mtaji wa kutosha, zikiwemo Benki ya Wananchi Njombe na Benki ya Wananchi Meru. Wenye amana walirudi kwa Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati huo ilikuwa inafidia hadi shilingi milioni 1.5 kwa mteja katika benki moja. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi milioni 7.5. Sielewi kwa nini jambo hili halitajwi kwenye ziara za watoto. Ni habari njema, na ni fupi: mwenye akiba ndogo analindwa akiba yake yote, mwenye kubwa analindwa hadi kiwango hicho kwanza, na kilichobaki kinasubiri mali za benki ziuzwe.

Kuhusu vitu vya kuona, watoto wapelekwe palipo na kitu cha kugusa. Waoneshwe mashine ya kuhesabia noti. Wapapase noti ya 10,000, ile yenye tembo, wasikie maandishi yaliyonyanyuka, kisha waielekeze kwenye mwanga waone picha iliyojificha ndani ya karatasi. Waelezwe kwa nini kasiki haifunguliwi na mtu mmoja, inahitaji wawili, kila mmoja na funguo au namba yake. Kwenye ATM, mwalimu mmoja achapishe salio lake kabla ya kutoa pesa na baada ya kutoa, kisha watoto watoe hesabu. Watagundua wenyewe kwamba salio limepungua kiasi kilichotoka pamoja na makato. Imani ya mashine inayogawa bure huishia hapo.

Riba, na wasiwasi wa riba

Mfano wa hesabu, kwa viwango visivyo mbali na hali ya soko letu. Umeweka 100,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka una 103,000. Benki imemkopesha fundi cherehani 100,000 kwa asilimia 15, naye anarudisha 115,000. Tofauti ni 12,000. Si faida tupu: humo kuna mishahara, ulinzi, kodi, na hasara ya wakopaji walioshindwa. Watoto wa darasa la sita wanaifanya hesabu hii bila shida, na kwa kawaida kuna mmoja atakayeuliza kwa nini yeye apewe tatu na benki ichukue 12. Asinyamazishwe. Huo ndio uelewa tunaoutafuta.

Waongezewe na hili: kama bei za vitu zimepanda asilimia 3 mwaka huo, zile 103,000 zinanunua karibu vitu vilevile vilivyonunuliwa na 100,000 mwaka jana. Akaunti ya kawaida ya akiba inakutunzia pesa isiibiwe na isitumike hovyo, lakini haikutajirishi. Mtoto aliyeahidiwa na bango kwamba akiba yake "itakua" anastahili kuambiwa itakua kiasi gani.

Familia nyingi za Kiislamu, pwani na Visiwani hasa, huzikwepa ziara hizi kwa sababu riba ni haramu kwao. Hakuna haja ya mtoto kubaki nyumbani. Amana Bank ilianza mwaka 2011 kama benki inayofuata misingi ya Kiislamu kikamilifu, na Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma za namna hiyo pia. Huko mteja na benki hukubaliana kugawana faida inayopatikana kwenye biashara, au benki hununua kitu ambacho mteja anakihitaji na kumuuzia kwa bei ya juu kidogo inayojulikana mwanzo, alipe kidogokidogo. Maswali matatu yanafanya kazi hukohuko bila kubadilishwa neno. Kwa kweli shule yenye watoto wa dini zote ingefaidika kutembelea benki za aina zote mbili na kulinganisha majibu.

Sanduku la makufuli matatu

Ningelazimishwa kuchagua sehemu moja tu ya kuwapeleka watoto wa kijijini, ningechagua mkutano wa kikoba, kikundi cha majirani wanaoweka na kukopeshana. Benki inaficha kazi yake nyuma ya kaunta na ndani ya kompyuta. Kikoba kinaifanya kazi yote mkekani, kila mtu anaona.

Vikundi vya sanduku vya mtindo huu vilianza Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, miongoni mwa wanawake wa vijijini, kisha vikasambaa Afrika, kwetu vikiwa na majina mengi, VICOBA likiwa maarufu kuliko yote. Sanduku lina makufuli matatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, ambao hakuna kati yao anayelitunza sanduku nyumbani. Kila mkutano wanachama wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa, waliochelewa wanalipa faini, wanaohitaji mkopo wanaomba mbele ya wote na kueleza wanaenda kuufanyia nini. Pesa inahesabiwa kwa sauti. Mwisho wa mzunguko kikoba kinavunjwa na kila mmoja anapata mgao kulingana na hisa zake.

Uliza maswali matatu hapa uone majibu yalivyo tofauti na ya benki. Pesa ni ya wanachama wote. Iko sandukuni na mikononi mwa wanachama waliokopa. Na riba anayolipa mkopaji inarudi kwa wanachama haohao, yeye mwenyewe akiwemo. Watoto waliozoea kulala mgongoni mwa mama zao kwenye vikao hivi wana elimu nusu tayari, wanahitaji tu mtu wa kuwafafanulia walichokuwa wanakiona.

Wapo wanaoona kikoba ni cha wasiosoma na benki ni ya wasomi. Wamekosea, na watoto wasirithi dharau hiyo. Vilevile ziwepo habari za upande wa pili: sanduku linaweza kuibwa, kiongozi anaweza kutoroka, na hakuna bima ya amana itakayofidia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, huku SACCOS, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, zikiwa daraja la tatu chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. SACCOS ni kikoba kilichokua: ina ofisi, wahasibu, mkutano mkuu wa wanachama wenye kura sawa. Walimu wengi ni wanachama wa SACCOS ya walimu. Mwalimu anayeweza kuwaonyesha wanafunzi kadi yake ya uanachama na kuwaeleza alivyokopea bati za nyumba yake hahitaji kukodi basi.

Mkopo, pale penye maumivu

Watu wazima hukwepa sehemu hii mbele ya watoto, na watoto wanaijua kuliko tunavyodhani. Wameona mama akijificha chumbani mdai anapogonga.

Chukua mkopo wa 100,000 unaorejeshwa 5,000 kila siku kwa siku 30. Kwa masikio, 5,000 ni ndogo. Kwa hesabu, ni 150,000 kwa mwezi mmoja, yaani nyongeza ya 50,000. Mkopo wa kiasi hichohicho kwa asilimia 15 kwa mwaka ungekuwa na nyongeza ya 1,250 hivi kwa mwezi huo. Watoto waziandike ubaoni namba hizo mbili, 50,000 na 1,250, zikiwa jirani.

Kisha waulizwe kwa nini basi mama ntilie asiende benki. Jibu ni la haki kabisa: benki inataka dhamana, inataka kumbukumbu za biashara, inachukua siku kadhaa, na yeye anahitaji mtaji wa kesho alfajiri. Mtoto aelewe kwamba aliyekopa kausha damu hakuwa mjinga, alikuwa na njia chache. Mambo yamehamia hadi kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha mtandaoni ambazo zilikuwa zinafanya kazi bila leseni. Nyingi ya programu za namna hii zinaingia kwenye orodha ya majina ya simu yako na kuwatumia ndugu zako ujumbe wa kukuaibisha ukichelewa. Kijana wa kidato cha pili anayejua hivyo atasoma masharti kabla ya kubonyeza "kubali".

Ndugu wa karibu wa hili ni upatu wa kitapeli. Mwaka 2009 serikali iliizuia DECI, ambako watu waliambiwa wapande mbegu na kuvuna mara mbili au zaidi ndani ya miezi. Wengi walipanda, waumini wa makanisani wakiwa wengi zaidi. Mtoto anayejua kwamba benki yenye majengo, wanasheria na wakopaji kila kona inatoa asilimia 3 kwa mwaka atashtuka akisikia mtu asiye na biashara yoyote anatoa asilimia 100. Atauliza swali la tatu, nani anapata nini, na ataona kwamba anayevuna leo analipwa na aliyepanda jana.

Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza hisa Aprili 1998 kwa kampuni ya TOL, na mifuko ya uwekezaji ya UTT ningeviacha kwa wa sekondari. Mtoto wa darasa la nne ana mengine ya kumaliza kwanza.

Tamaa na matangazo

Je, kumfundisha mtoto pesa kunamwingizia tamaa? Nimesikia hoja hii kwa wazazi wanaojali sana watoto wao, na siipuuzi. Utafiti uliofanywa Ghana na kuchapishwa mwaka 2018 ulilinganisha mafunzo ya aina mbili kwa wanafunzi: moja lilihusu pesa peke yake, jingine lilichanganya pesa na haki za mtoto na wajibu wake kwa jamii. Kwa waliofundishwa pesa tupu kulionekana dalili za kufanya zaidi kazi za kujipatia kipato. Kwa wenzao wa somo la mchanganyiko halikuonekana hilo. Kwa hiyo wasiwasi wa mzazi una msingi, lakini dawa yake si ukimya. Ni kufundisha akiba pamoja na utu: nani anasaidiwa na mfuko wa jamii wa kikoba, kwa nini tunachanga msibani, kwa nini mtoto hatakiwi kuacha shule akauze karanga.

Uganda nako watafiti Dean Karlan na Leigh Linden walifuatilia mpango wa akiba mashuleni. Watoto ambao mwishoni walirudishiwa akiba yao taslimu waliweka zaidi kuliko waliopewa vocha za kununulia vifaa vya shule pekee, na pale wazazi waliposhirikishwa, akiba hiyo iliishia kununua vifaa vya shule kweli. Ukimbana mtoto sana haweki. Ukimwamini, na mzazi akiwa anajua, anaweka.

Kuhusu matangazo, tuseme wazi: benki inawapokea watoto kwa sababu inataka wateja wa kesho. Si kosa, ndiyo biashara yake. Akaunti za watoto kama Junior Jumbo ya CRDB au Mtoto Akaunti ya NMB zinaweza kuwa na manufaa kwa familia. Lakini siku ya ziara isiwe siku ya kujaza fomu. Shule iweke sharti hilo kwenye barua ya maombi, na benki makini italikubali.

Barua yenyewe iandikwe kwa meneja wa tawi wiki mbili kabla, itaje idadi ya watoto, umri wao, na maswali waliyoyaandika wenyewe darasani. Siku za mishahara na Jumatatu asubuhi ziepukwe. Watoto 15 wakiwa na walimu wawili wanajifunza, 80 wanapigwa picha tu. Picha za ndani ya benki zisichukuliwe bila ruhusa, na mtoto asipigwe picha za tangazo bila mzazi kusaini. Palipo mbali na benki, wakala na kikoba vinatosha kwa mwaka mzima wa masomo.

Wiki inayofuata mtoto akitaka akaunti, mzazi aende naye, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho cha NIDA cha mzazi mwenyewe. Kabla ya kusaini, mtoto ndiye aulize mhudumu: kianzio ni kiasi gani, kuna makato ya kila mwezi, riba ni asilimia ngapi kwa mwaka, na mimi na mzazi wangu tukitaka kutoa tunaruhusiwa mara ngapi? Majibu yaandikwe kwenye lile daftari la droo na floti, kisha waende tawi la benki ya pili wakaulize yaleyale.